Daftari, alamu, WhatsApp au Keep: kipi kimfae mzee wako anayesahau?

Mzazi akianza kusahau, watoto tulio mbali hukimbilia kumnunulia simu janja. Simu inafika Ujiji, inawekwa programu tatu nne, mjukuu anamfundisha bibi jioni moja, na baada ya muda mfupi simu ipo kabatini imeviringishwa kwenye kanga. Nimeona hivyo kwenye nyumba kadhaa hapa Kigoma, na mara nyingi programu zenyewe zilikuwa nzuri tu. Hakuna aliyejiuliza kwanza mzee anasahau nini.

Maana kusahau kuko kwa namna mbili, na kila namna ina chombo chake. Kuna kusahau yaliyopita: nani alikuja jana, mawese alikopa nani, daktari alisema nini. Hapo unahitaji mahali pa kuweka maneno ili yakitakiwa yapatikane. Kuna na kusahau ya mbele: kumeza dawa, kwenda kliniki Maweni siku ya Alhamisi, kuepua sufuria. Hapo mahali pa kuweka maneno hapatoshi, kwa sababu dokezo lililoandikwa vizuri halimfai mtu asiyekumbuka kwamba dokezo lipo. Anahitaji kitu cha kumwita. Kwa hiyo katika ulinganisho huu naangalia mambo mawili kabla ya mengine yote: chombo kinahifadhi vipi, na kinaita vipi.

Kabla ya simu, hospitali. Mtu anayepotea njia ya nyumbani kwake au kuuliza swali lile lile kila baada ya dakika tano hajarogwa, na wala huo si uzee wa kawaida. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906, unachangia takribani asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wa dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, duniani kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Kiharusi nacho huharibu kumbukumbu, na kuumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda vilevile. Lakini vipo vyanzo vinavyotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, sonona, baadhi ya dawa, maambukizi. Na aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Je, vyombo hivi vinasaidia kweli? Vinasaidia. Mwaka 2001 Barbara Wilson na wenzake nchini Uingereza walitoa matokeo ya utafiti wa watu 143 wenye shida ya kumbukumbu na mipango, waliopewa kifaa kidogo cha kubeba kinacholia na kuonyesha ujumbe mfupi wa kuwakumbusha. Zaidi ya asilimia 80 ya waliofika mwisho wa jaribio walifanikiwa zaidi kwenye shughuli zao za kila siku. Baadaye Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waliwapa simu janja wazee 52 wenye upungufu wa kumbukumbu au dimenshia ya mwanzoni. Kundi moja lilitumia programu ya vikumbusho, jingine kinasa sauti tu. Baada ya wiki nne makundi yote mawili yalinufaika, na wala hakuna lililoliacha jingine nyuma. Hilo la kinasa sauti lishike, kwa sababu kwa wazee wetu lina uzito mkubwa.

WhatsApp na Keep

Kwa mwenye simu janja, hivi viwili ndivyo vinavyoshindana kweli.

Keep ni programu ya Google ya kuandika madokezo. Uzuri wake ni kwamba dokezo linakaa pale ulipoliweka. Unaweza kulibandika juu, ukalipa rangi, ukaliweka kwenye uso wa simu ili lionekane bila kufungua programu. Orodha yake ina viboksi vya kuweka tiki, na kesho yake unafuta tiki zote kwa mara moja ukaanza upya. Unaweza kupiga picha ya cheti cha dawa ukaiweka ndani. Ndugu wawili mnaweza kutumia dokezo moja: aliyeko Dar akiongeza “maji ya drip yaliisha, muulize nesi”, aliyeko Mwanga hapa Kigoma analiona. Na lililokwisha kuingia kwenye simu linafunguka hata kama umepanda boti Kibirizi ukashukia Mwamgongo mtandao ukiwa haupo. Uliyoyaandika huko yatajituma mtandao ukirudi.

Ubaya wake unaanzia kwenye akaunti. Keep inataka akaunti ya Google, na kushirikishana dokezo ni kwa barua pepe. Wazee wetu wengi barua pepe zao zilifunguliwa na kijana wa duka la simu, nywila anaijua yeye au haijui mtu. Siku simu ikiharibika, madokezo yapo salama huko yaliko na hakuna wa kuyafungua. Ukichagua Keep, anza na hilo: fungua akaunti inayojulikana, nywila iandike kwenye karatasi, ikae kwa mtu mmoja mwaminifu wa familia.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui mpaka limewaumiza. Kikumbusho unachoweka kwenye dokezo la pamoja kinalia kwako uliyekiweka. Hakilii kwa mama. Ukikaa Dar ukaweka “dawa ya presha saa mbili”, itakayolia ni simu yako. Ukitaka kumwekea mzee kitu kutoka mbali, tumia Kalenda ya Google ukamwalike kwa akaunti yake, au umpigie simu saa hiyo. Kupiga simu nako ni kikumbusho, na hakuna programu inayokishinda.

La tatu ni sauti. Keep inapokea maneno ya mdomo na kuyageuza maandishi, na kuandika kwa kuongea Kiswahili kupo kwenye kibodi ya Google tangu mwaka 2017. Lakini mtu akinyamaza kidogo, Keep inaona amemaliza na kukata. Fikiria aliyepata kiharusi, anatafuta neno, linamponyoka, analitafuta tena. Anakatwa katikati ya sentensi kila mara, na anaamini kosa ni lake. Juu ya hapo, Kiha hakimo kabisa. Hili ni kubwa kwa Kigoma, kwa sababu ugonjwa ukiendelea wazee wengi hurudi kwenye lugha waliyoikuta nyumbani. Mama aliyefanya biashara kwa Kiswahili miaka yote anaanza kujibu kwa Kiha, na mashine haimwelewi.

Hapo ndipo WhatsApp inapopanda. Voisi, yaani ujumbe wa sauti, haijali lugha. Haijali kigugumizi wala kimya. Ukikipandisha juu kitufe cha kurekodi kinajifunga, mzee anaweka simu mezani na kuongea kwa raha zake. Kila voisi inajiandikia tarehe na saa yenyewe, jambo ambalo anayesahau hawezi kulifanya kwa uhakika. Na zaidi ya yote, anaijua tayari. Mikono ya mzee inakumbuka njia iliyozoea hata akili inapochoka, na njia mpya ni ngumu kuingia. Kwa hiyo chombo dhaifu anachokijua kinaweza kumfaa kuliko kizuri asichokijua.

Mama mkubwa wangu wa Ujiji anauza mawese. Baada ya kiharusi mwili ulirudi vizuri kuliko kumbukumbu. Mteja akikopa, anachukua simu, anafungua ile chati ya kujitumia ujumbe mwenyewe, ambayo WhatsApp iliileta mwaka 2022, na kusema: “Yule dada wa bati jekundu, dumu la lita tano, amesema atalipa Jumapili.” Basi. Jioni binti yake anazisikiliza zote pamoja naye na kuzihamishia kwenye daftari la madeni. Namba wanazijadili wawili, na mama mkubwa ndiye anayesema hapana au ndiyo. Biashara imebaki yake.

Lakini WhatsApp ni mto, hupitisha yote. Voisi ya daktari ya Jumatatu, kufikia Ijumaa imefunikwa na picha za harusi na video za mahubiri. Unaweza kubandika ujumbe juu ya chati, ila ni mitatu tu na kwa siku 30 zisizozidi. Kutafuta voisi ya zamani kwa neno ni kazi ngumu. Simu hujaa video hadi ikwame. Halafu kile kitufe kidogo cha kuongeza kasi: mzee akikigusa bila kujua, sauti ya mwanawe inakimbia kama redio iliyoharibika na anaogopa. Mwonyeshe anayekaa naye namna ya kuirudisha.

Hukumu yangu kwa hivi viwili: WhatsApp iwe mdomo wa mzee, Keep iwe kabati la wanaomtunza. Mzee anaweka voisi; mtoto mmoja, aliyekubaliwa na wote, anahamishia Keep yale ya kudumu, kama majina ya dawa, tarehe za kliniki na aliyosema daktari. Wakiwa wawili watatu wa kuhamisha bila mpangilio, mtapata madokezo matatu yenye dozi tatu tofauti za dawa moja.

Alamu, ambayo watu huidharau

Kama tatizo ni dawa na saa, usianze na programu yoyote ya madokezo. Anza na alamu iliyomo kwenye simu. Haihitaji bando, haihitaji akaunti, haihitaji hata laini. Simu nyingi za bei nafuu hubana programu zinazofanya kazi kimyakimya ili kuokoa chaji, na kikumbusho cha Keep au Kalenda kinaweza kuchelewa au kupotea. Alamu ya saa kwa kawaida haiguswi na hayo.

Na alamu inaweza kuongea. Programu ya Saa ya Google, na simu nyingi za Android, zinakubali uweke sauti uliyorekodi mwenyewe iwe mlio. Badala ya kengele isiyo na maana, simu inasema: “Shikamoo mama. Ni saa mbili asubuhi. Ukishakunywa chai, fungua kikopo cha bluu kilicho juu ya meza, kidonge kimoja.” Rekodi kwa lugha anayoiota. Irekodi kwa sauti ya mtu anayempenda na ambaye bado anamtambua. Taja kitu kimoja tu kwa kila alamu, na utaje mahali kilipo.

Upungufu wake ni mmoja na ni wa hatari: alamu haijui kama dawa imeshamezwa. Mzee anaweza kumeza, akasahau, akameza tena. Kwa hiyo alamu isitembee peke yake. Iambatane na kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku za wiki, kwamba chumba cha Jumanne kikiwa kitupu basi Jumanne imekwisha. Kwa dawa za sukari na presha sikubaliani kabisa na alamu bila kisanduku au bila mtu wa kuhakikisha.

Halafu saa yenyewe. Simu inaandika 8:00, mama anasema saa mbili. Mtu mzima wa kumbukumbu nzima anageuza bila kufikiri. Anayesahau anaweza kuiona 8:00 akasubiri saa nane mchana. Jina la alamu liandikwe kwa saa yetu na kwa tukio la siku: “saa mbili asubuhi, baada ya chai”, “baada ya swala ya adhuhuri”. Kwa nyumba za Ujiji adhana ni nguzo nzuri kuliko tarakimu, kwa sababu mwili umeizoea tangu utoto. Na ukiiambia simu kwa mdomo “niamshe saa mbili”, hakikisha ilichoweka kabla hujaondoka.

Kitochi na karatasi

Kwa mzee ambaye hajawahi kushika simu janja, usimbadilishie simu leo kwa sababu ya ugonjwa. Kitochi, ile simu ndogo ya batani, kina alamu, chaji inakaa siku kadhaa, batani zinashikika, na baadhi yake alamu hulia hata simu ikiwa imezimwa. Vingi vina kinasa sauti ukiweka kadi ya memori. Kinachokosekana ni kushirikishana: alichorekodi kinabaki humo humo mpaka mtu aje akisikilize. Mzee akikaa na mtu nyumbani, hilo halina shida. Akikaa peke yake, kitochi pamoja na simu ya kila asubuhi kutoka kwa mtoto ni mpango unaosimama.

Daftari la karatasi nalo lina nafasi ambayo simu haijaichukua. Halizimiki. Linaonekana likiwa mezani, na kuonekana ndiko kunakomkumbusha. Jirani, nesi na mhudumu wa afya ya jamii wanaweza kulisoma bila nywila. Liwe moja, kubwa, lenye kamba na kalamu yake, lisihamishwe mahali. Ukurasa wa kushoto siku na tarehe na yatakayofanyika. Wa kulia yaliyofanyika. Makosa ya kawaida ni kuwa na madaftari manne nyumba nzima.

Evernote, OneNote na za namna hiyo

Hizi ni programu nyingine za madokezo, na napita haraka. Evernote toleo la bure lilibanwa mwishoni mwa mwaka 2023 hadi madokezo 50 na daftari moja, na kulipia kwa kadi kila mwezi ni mzigo usio na sababu wakati Keep ni ya bure. OneNote ni ya bure na ina nafasi kubwa, inamfaa mtoto anayetumia kompyuta ofisini na kutunza kumbukumbu ndefu za matibabu. Kwa mzee mwenyewe ina kurasa, sehemu na vitufe vingi mno. Programu ya madokezo iliyokuja na simu, iwe Samsung, Tecno au Infinix, inatosha kwa mtu mmoja, ila simu ikiibiwa sokoni huenda ukapoteza vyote usipokuwa umeweka nakala.

Visivyoandikwa popote

Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa isikae kwenye Keep, kwenye chati wala kwenye daftari la mezani. Matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” wanamtafuta hasa mtu asiyekumbuka kama kweli alikuwa na hela ya kutuma. Mkubaliane naye mapema, angali anaelewa, kwamba laini ya kuweka pesa nyingi ikae kwa mnayemwamini nyote na yake ibaki na ya sokoni. Mwambie wazi pia nani anasikiliza voisi zake. Ni maneno yake, na ana haki ya kusema hili lisisikilizwe na fulani.

Kinachotakiwa kuonekana na kila mtu ni kimoja. Android nyingi zinaruhusu kuandika ujumbe kwenye skrini iliyofungwa: jina analoitwa, na namba ya simu ya mtoto. Akipotea Mwandiga stendi, atakayeiokota simu atakuona bila kuifungua. Weka na karatasi yenye maneno hayo mfukoni, kwa siku chaji itakapoisha.

Ningechagua hivi

Anayesahau kidogo na bado anaendesha mambo yake: WhatsApp ya voisi kwa yaliyopita, alamu yenye sauti kwa ya mbele, na mtoto mmoja mwenye Keep. Aliyefika hatua ya kuuliza siku ni ipi: daftari kubwa mezani, alamu chache zisizozidi zile za dawa, na simu janja ihamie kwa anayemtunza. Aliyeko kijijini kando ya ziwa ambako mtandao unakuja na kuondoka: kitochi, daftari, na Keep kwenye simu ya mjukuu. Aliyeumia kichwa akiwa kijana na amezoea simu ni tofauti na hawa wote; huyo mpe Keep na Kalenda moja kwa moja, atazimudu, na zitamrudishia kazi.

Chochote utakachochagua, kifundishe bila kumwacha abahatishe. Aliyeumia kumbukumbu hulishika kosa alilolifanya kama vile ndilo sahihi, na kesho analirudia. Kwa hiyo usimwambie “jaribu tena, kumbuka”. Shika kidole chake, nenda naye hatua kwa hatua, rudieni leo, kesho na keshokutwa saa ile ile, kitu kimoja tu. Alamu ikishazoeleka ndipo uongeze voisi.

Kila mwezi kaa naye uangalie kwa macho yako. Alamu ikilia, anafanya nini? Akiizima na kuendelea na alichokuwa akifanya, imeshamwishia kazi na inatakiwa ilie kwenye simu ya anayelala naye nyumba moja. Voisi zikianza kurudia jambo lile lile mara nyingi kwa siku moja, zipeleke kliniki kwa tarehe zake. Daktari ataona humo mabadiliko ambayo nyinyi nyumbani mmeyazoea. Na wakati bado anaongea vizuri, mrekodi akisimulia: alizaliwa wapi, nani alimlea, treni ya kwanza kuipanda kutoka stesheni ya Kigoma ilikuwaje, majina ya watu walio kwenye zile picha za ukutani. Zihifadhi zaidi ya sehemu moja, kila picha na jina lake chini.